Kizuri Chajiuza: Namna ya Kuwavuta Vijana Katika Uskauti

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hiyo niliisoma tangu nilipokuwa mtoto katika shule ya misheni, lakini sikuifahamu sawasawa mpaka nilipojaribu kuanzisha kundi la Skauti karibu na kwangu. Mimi ni karani wa serikali. Siku tano za juma kazi yangu ni madaftari na barua. Jumamosi ni siku yangu ya vijana. Napenda kuwaeleza wasomaji jinsi nilivyoshindwa mara ya kwanza na jinsi tulivyofaulu mara ya pili. Najua wako walimu, makarani na wakulima wengi ambao wangependa kuwa na kundi kama hilo kijijini kwao, lakini hawajui wawapateje vijana, na wakisha kuwapata, wawashikeje wasitawanyike.

MWANZO MBAYA

Mara ya kwanza nilifanya kama wafanyavyo watu wengi. Nilimwomba chifu nafasi katika baraza lake, nikasimama mbele ya wazee, nikasema kwa muda mrefu juu ya faida za Uskauti. Nikabandika matangazo sokoni na penye mlango wa kanisa. Jumamosi iliyofuata walikuja vijana 43. Nilifurahi kupita kiasi. Nikaandika majina yao yote katika daftari, kisha nikawapanga mistari, tukafanya gwaride mpaka jua likachwa. Jumamosi ya pili ilikuwa gwaride tena, na ya tatu vivyo hivyo. Jumamosi ya nne niliwatangazia kwamba kila mmoja alete fedha za sare. Ulipofika mwisho wa muhula, walikuwa wamebaki watano.

Nilidhani kwamba vijana ni wavivu na wazazi hawapendi maendeleo. Hivyo ndivyo tusemavyo sisi wenye kalamu jambo linapotushinda. Siku moja nilikutana njiani na mama mmoja mjane, ambaye mwanawe alikuwa ameandikwa wa tatu katika daftari langu. Baada ya salamu nikamwuliza, "Mama, mbona kijana haonekani tena?"

Akatua mzigo wake wa kuni, akanijibu kwa upole: "Bwana Karani, Jumamosi ndiyo siku ninayomtegemea kuchunga mbuzi na kuteka maji. Nilimwacha aje kwako mara tatu. Kila alipokuwa akirudi nilimwuliza amefunzwa nini, naye akasema, kugeuka kulia na kugeuka kushoto. Mara ya nne akarudi kuniomba fedha za kaptula, nami sina. Alilia. Tangu siku hiyo hupita njia ya chini ili asikutane na wewe."

Maneno hayo yalinichoma moyo. Usiku ule nililifungua daftari la mahudhurio, nikalisoma kama nisomavyo vitabu vya hesabu ofisini. Jumamosi ya tatu walikuja 38. Jumamosi ya tano, yaani baada ya lile tangazo la sare, walikuja 17. Sababu ilikuwa imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, nami sikuiona. Vijana wale walionyeshwa gwaride, kisha wakaonyeshwa bei. Uskauti wenyewe hawakupata kuuona.

VIJANA WALITANGULIA

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za mwanzo wa chama hiki, nikaona kwamba nilikuwa nimeshika mkia badala ya kichwa. Mwezi wa Agosti, mwaka wa 1907, Robert Baden-Powell aliwachukua vijana kama ishirini kwenda kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Wengine walikuwa wana wa matajiri, na wengine walikuwa wana wa watu wa kazi za mikono. Hakuwaweka mistarini wote pamoja. Aliwagawa katika vikundi vinne vidogo, kila kikundi na kiongozi wake aliye kijana mwenzao, wakajifunza kufunga kamba, kupika nje, kufuata nyayo na kuokoa mtu aliyepatwa na ajali.

Mwaka uliofuata, 1908, alitoa kitabu chake kiitwacho Scouting for Boys. Kilitoka vipande vipande, vipande sita kwa jumla, na bei ya kila kipande ilikuwa peni nne tu, hata kijana maskini aliweza kukinunua. Hapakuwa na haja ya kuwatuma watu kwenda kuwatafuta vijana. Wao wenyewe walisoma, wakajikusanya watano au sita, kisha wakaenda kutafuta mtu mzima wa kuwaongoza. Mwaka wa 1909, kulipofanywa mkutano mkubwa Crystal Palace, London, walikuja vijana wapata 10,000. Hata wasichana walikuja bila kualikwa, wakataka nao wahesabiwe. Ndiyo asili ya chama cha Girl Guides kilichoanzishwa mwaka wa 1910.

Mwaka huo huo wa 1910 Uskauti ulifika katika nchi yetu ya Kenya. Na mwanzilishi mwenyewe alikuja kuishi Nyeri tangu mwaka wa 1938, akafa huko tarehe 8 Januari 1941. Katika jiwe la kaburi lake imechorwa duara yenye nukta katikati, ambayo kwa Skauti ni alama ya njiani yenye maana kwamba aliyeiweka amekwenda nyumbani. Maskauti kutoka nchi nyingi huja kulizuru kaburi hilo. Basi, sisi tulio jirani nalo yafaa tuone haya iwapo vijana wetu hawajui Uskauti ni kitu gani ila kaptula na skafu.

TUKAANZA NA SABA

Niliwakusanya wale watano waliobaki, nao wakawaleta rafiki wawili. Nikawaambia, "Tangu leo hatumwiti mtu. Tutafanya kazi moja ambayo kijiji kitaiona." Nikawauliza ni kazi gani inayohitajiwa. Mmoja akasema bila kusita, "Kivuko."

Kati ya kijiji chetu na soko uko mto mdogo. Wakati wa kiangazi watoto huuruka, lakini wakati wa masika magogo mawili yaliyolazwa pale huteleza kama sabuni. Akina mama huvuka wakiwa na mizigo kichwani na watoto mgongoni. Wazee wakatupa ruhusa na miti, na fundi seremala mmoja akakubali kutuangalia. Kwa muda wa Jumamosi nne vijana walijifunza kufunga miti kwa kamba isilegee, kisha wakaongeza gogo la tatu, wakasimamisha nguzo, wakafunga mti wa kushikia mkono pande zote mbili.

Jumamosi ya pili ya kazi ile, yule mwana wa mjane alipita na mbuzi wake. Alisimama ng'ambo akitazama. Kamba yetu ilikuwa ikilegea kila tulipoikaza. Mwisho hakuweza kujizuia, akasema, "Fundo hilo halifai. Mbuzi angekuwa amekwisha kwenda zake." Akavuka, akatuonyesha fundo analolitumia kumfunga beberu. Lilishika barabara. Nikamwambia, "Basi leo wewe ndiwe mwalimu, na mimi ni mwanafunzi." Alirudi Jumamosi iliyofuata, mbuzi wakala majani karibu na mto huku yeye akifanya kazi. Hakuna aliyemwuliza habari za kaptula.

Masika yalipoanza, kila mtu aliyeshika mti ule aliuliza, "Nani amefanya haya?" Wakaambiwa, "Ni Skauti." Kwa muda wa miezi miwili wazazi kumi na wanne walikuja nyumbani kwangu, wengine jioni sana, kuniomba niwapokee watoto wao. Sikubandika hata tangazo moja.

MASHAURI KWA ANAYETAKA KUANZA

Kwa kuwa ndugu wengi wameniuliza, nayaandika hapa mambo tuliyojifunza.

Kwanza, anza na wachache. Kikundi cha vijana sita mpaka wanane, chenye kiongozi wao wenyewe, chatosha. Kijana aliye mmoja kati ya saba akikosa kuja, wenzake humfuata nyumbani kujua ana nini. Aliye mmoja kati ya arobaini hupotea, na hakuna amwulizaye.

Pili, chagua kazi inayoonekana na inayokwisha. Kufagia soko ni vema, lakini kesho litachafuka. Kivuko, uzio wa kisima, miche ya miti ya kivuli penye zahanati: hivyo hukaa, na kila apitaye husoma tangazo lako. Ila usiifanye kazi ya vijana kuwa ya kila siku na bila malipo kwa faida ya mkubwa fulani. Wazazi wataona upesi kwamba watoto wao wamefanywa vibarua.

Tatu, onyesha ufundi mbele ya watu. Siku ya wazazi shuleni, badala ya hotuba, mweke kijana mmoja alale chini kama aliyevunjika mguu. Wenzake wafanye machela kwa miti miwili na magunia mawili yaliyotobolewa pembe, wamfunge mguu kwa vijiti na skafu, wamchukue bila kumtikisa. Kazi hiyo haizidi dakika kumi. Watoto wote watakaotazama watataka kujua jinsi inavyofanywa.

Nne, sare iwe mwisho. Skauti anajulikana kwa ahadi yake na kwa matendo yake. Sisi tulianza kwa skafu peke yake. Vijana walilima sukuma wiki katika kipande cha shamba la shule, wakauza, na fedha zikaingia katika mfuko mmoja. Kila mwisho wa mwezi kijana mmoja huwasomea wazazi hesabu ya mfuko ule, shilingi zilizoingia na zilizotoka. Mimi ni karani, nami naweza kusema kwamba hakuna hotuba iliyotupatia imani ya wazazi kama lile daftari dogo.

Tano, nenda kwa mzazi kabla hujamwandika mtoto. Mwulize ni saa ngapi anamhitaji nyumbani. Sisi tulihamisha mkutano wetu kutoka asubuhi hadi saa tisa za alasiri, kazi za nyumbani zikiisha. Kwa msimu wa kupanda na kuvuna tunapunguza mikutano. Mkulima akiona kwamba unaiheshimu shamba yake, naye ataiheshimu saa yako.

Sita, mzazi awe na amani juu ya usalama wa mwanawe. Pasiwe na mkutano wala safari yenye mtu mzima mmoja tu. Wawe wawili au zaidi, na mtu mzima asijitenge na mtoto mmoja faraghani. Kabla ya kambi, wazazi waambiwe mahali, siku ya kurudi na majina ya waangalizi, nao watoe idhini. Kiongozi asiyetaka kuulizwa maswali hayo hafai kupewa watoto wa watu. Vile vile kundi liandikishwe kwa maofisa wa Chama cha Skauti cha Kenya, na kiongozi aende kwenye mafunzo. Ye yote anaweza kuvaa skafu, lakini si kila avaaye anajua wajibu wake.

Saba, kila umri na mahali pake. Katika Kenya watoto wadogo huitwa Sungura, wakikua huwa Chipukizi, kisha Mwamba, na vijana wakubwa huwa Jasiri. Ukiwachanganya wote, wadogo wataogopa na wakubwa watachoka. Lakini wakubwa wapewe kazi ya kuwafundisha wadogo, maana kijana humwamini kijana mwenziwe upesi kuliko amwaminivyo mtu mzima.

NENO LA MWISHO

Mzee mmoja aliniambia, "Zamani sisi tulifundishwa na rika letu. Siku hizi mtoto akitoka shule hana rika. Ana njia ya sokoni tu." Sikuweza kumbishia. Twajua sote yanayowangoja vijana katika njia ile, pombe haramu na michezo ya kamari, na twalalamika kila siku barazani. Lakini kulalamika hakumpi kijana mahali pa kwenda saa tisa ya Jumamosi.

Yule mwana wa mjane sasa ni kiongozi wa kikundi cha watu saba. Skafu yake aliipata kwa sehemu yake ya sukuma wiki. Mama yake huvuka mto kila siku ya soko, na mimi nimemwona mara nyingi akifika katikati ya kivuko, akaupapasa mti wa kushikia, akalitazama lile fundo kama limelegea. Halijalegea.

Basi ndugu msomaji, kama una saa mbili za Jumamosi na moyo wa subira, tafuta vijana saba, kisha uwaulize kijiji chenu kinahitaji nini. Samaki mkunje angali mbichi.