Ushirikiano wa Jamii na Shule za Umma: Zaidi ya Kutoa Madawati

Katika toleo hili tunapenda kueleza jambo ambalo kamati nyingi za sharika zimekuwa zikituuliza: usharika unaweza kuisaidiaje shule ya sekondari ya kata iliyo jirani nao, na hasa vijana wanaomaliza kidato cha nne bila kujua waelekee wapi?

Tulikotoka

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulianza mwaka 2004, na shule nyingi za kata zikajengwa kwa nguvu za wananchi. Wakristo na Waislamu walibeba mawe na mchanga pamoja. Januari 2016 Serikali ilifuta ada kwa kidato cha 1 hadi cha 4, na mwaka 2022 ikafuta pia kwa kidato cha 5 na cha 6. Hivyo mlango wa kuingilia shuleni umefunguka. Shida kubwa sasa iko kwenye mlango wa kutokea.

Serikali nayo imeliona jambo hili. Tangu Januari 2024 baadhi ya shule zilianza mkondo wa amali, ambapo mwanafunzi hujifunza fani kama ujenzi, umeme, ushonaji au kilimo pamoja na masomo ya kawaida. Hata hivyo amali inahitaji karakana, vifaa na watu wenye ujuzi, na shule nyingi za kata bado zina mkondo wa elimu ya jumla peke yake. Hapo ndipo jamii inapohitajika.

Kosa letu wenyewe

Ni vema tuwe wakweli mbele ya wafadhili wetu. Miaka kadhaa iliyopita tulinunua vyerehani kumi kwa ajili ya shule moja. Tulivikabidhi kwa sherehe na picha zikapigwa. Tuliporudi kufuatilia baada ya mwaka mmoja, tulivikuta stoo vikiwa na vumbi, kwa kuwa shule haikuwa na mwalimu wa kushona. Wakati huohuo, mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni, fundi mmoja ambaye ni mzee wa kanisa alikuwa akifundisha vijana wawili barazani kwake. Hatukuwa tumemwuliza yeye, wala hatukuwa tumeiuliza shule.

Tulikaa upya na mkuu wa shule, bodi ya shule, wazazi na fundi yule. Wakakubaliana awe anafika shuleni siku mbili kwa wiki baada ya vipindi, na usharika ukachukua jukumu la vitambaa, nyuzi na posho yake. Vyerehani vikatoka stoo. Binti mmoja ambaye hakufaulu mtihani wa kidato cha nne sasa anashona sare za wanafunzi wa shule hiyohiyo.

Kila mmoja ana nafasi yake

Tulichojifunza ni kwamba kutoa kifaa ni msaada tu. Ushirikiano huanza pale kila upande unapojua wajibu wake.

- Shule hupanga ratiba, huchagua wanafunzi pamoja na wazazi na kusimamia nidhamu.
- Mafundi na wafanyabiashara hutoa muda, ujuzi na nafasi ya kujifunza kazini. Fundi aliyejifunzia mtaani anaweza kupimwa na VETA na kupewa cheti kupitia urasimishaji wa ujuzi. Nayo ni faida kwake.
- Vyuo vya VETA na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, huwapokea vijana wanaotaka kuendelea.
- Usharika huwakutanisha wote hawa, hutafuta fedha na kufuatilia.

Mambo ya kuzingatia kabla ya kuanza

1. Mwoneni kwanza mkuu wa shule na Afisa Elimu Kata. Shule ni ya umma, hivyo watoto wa dini zote wanufaike sawa.
2. Andikeni makubaliano: nani anatoa nini, siku gani, kwa muda gani, na nani atatengeneza kifaa kikiharibika.
3. Mlindeni mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 na inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Pateni idhini ya mzazi kwa maandishi, na mwanafunzi asiachwe peke yake na fundi. Mwanafunzi asigeuzwe kibarua wa bure.
4. Hesabuni vijana, siyo vifaa. Baada ya mwaka ulizeni: wangapi wako chuoni, wangapi wana kazi, na wangapi wamerudi kukaa nyumbani?

Wito wetu

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwataka waanzishe shule na kuzitunza. Aliona elimu ya watoto kuwa jukumu la jamii nzima. Nasi tunaziomba kamati za sharika zianze na zoezi dogo: orodhesheni mafundi, wauguzi, wakulima na wahasibu waliopo katika usharika wenu, kisha mpelekeeni mkuu wa shule orodha hiyo kabla ya kutuandikia ombi la fedha.

Kwa wafadhili wetu, tunawashukuru kwa uvumilivu wenu. Tunawaomba mtuulize juu ya vijana kila mnapotuuliza juu ya majengo. Kidole kimoja hakivunji chawa.