Skripti za Sheli katika Ujenzi wa Roboti ya Gumzo ya Kiswahili: Suala la Ritifaa

Makala haya yanafafanua namna skripti za sheli zinavyotumika kujenga na kuendesha roboti ya gumzo, na yanaonyesha kuwa baadhi ya maamuzi mazito ya kiisimu hufanywa humo. Skripti ya sheli ni faili la maandishi lenye amri ambazo kompyuta huzitekeleza moja baada ya nyingine. Washauri wa sera kwa kawaida huonyeshwa roboti iliyokamilika. Skripti hubaki kwa mafundi.

Tatizo lenyewe si geni. Mwaka 1986, katika jarida la Communications of the ACM, Doug McIlroy alionyesha kwamba kazi ya kuhesabu maneno ya matini, ambayo Donald Knuth alikuwa ameiandikia programu ndefu, ingeweza kufanywa kwa mfululizo wa amri sita tu. Amri ya kwanza, tr -cs A-Za-z '\n', hugeuza kila alama isiyo herufi kuwa mwanzo wa mstari mpya. Katika Kiingereza hasara yake ni ndogo. Katika Kiswahili, ng'ombe huchinjwa vipande viwili: ng na ombe.

Ingedhaniwa kwamba kasoro hiyo ni ya zamani. Rasa, zana huria inayojulikana sana katika ujenzi wa roboti za gumzo, ina kikata-maneno kiitwacho WhitespaceTokenizer. Jina hilo linaashiria kwamba maneno hukatwa penye nafasi peke yake. Kwa hakika, ritifaa iliyo kati ya herufi nayo hugeuzwa kuwa nafasi. Tuchukue roboti ya zahanati. Mgonjwa akiandika "nataka kung'olewa jino", mfumo hupokea maneno manne: nataka, kung, olewa, jino. Aliyetaka kutolewa jino anaanza kufanana na anayetaka kuolewa. Mzaha huo una gharama pale ambapo jibu linaamua mtu aende dirisha lipi.

Skripti rahisi ya kujenga na kuendesha roboti ya aina hii huwa hivi:

#!/bin/bash
set -e
rasa data validate
rasa train
rasa test nlu --nlu majaribio
rasa run

Mstari wa set -e husimamisha kazi amri yoyote ikishindwa. Amri zinazofuata hukagua data, hufunza modeli, huijaribu, kisha huiweka hewani. Hapa pana mtego. Alama za jaribio huandikwa katika folda ya results, lakini alama duni hazihesabiwi kuwa kushindwa. Skripti huendelea, na rasa run huchukua modeli mpya kuliko zote iliyomo katika folda ya models. Modeli mbovu iliyofunzwa usiku huanza kuwajibu wananchi alfajiri, bila mtu kuipitisha. Ni lazima skripti yenyewe isome alama hizo na ikatae kuendelea zikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa.

Tiba ya ritifaa yaonekana nyepesi: kwa amri ya sed, ng' hubadilishwa kuwa herufi moja, ŋ, kabla ya kufunza. Tiba hiyo ikiishia kwenye data ya mafunzo, huzidisha ugonjwa, kwa kuwa ujumbe wa mgonjwa utaingia bado na ritifaa yake na kukutana na modeli isiyoijua. Kanuni ya tahajia inayotumika wakati wa kujenga sharti itumike pia wakati wa kuendesha. Ndiyo sababu inafaa zaidi kuiweka kama kijenzi cha kwanza ndani ya mfumo wenyewe, ambacho hupitiwa katika hatua zote mbili. Kijenzi hicho kitambue pia ritifaa iliyopinda, ambayo simu nyingi huiandika zenyewe, na watumiaji wasioandika ritifaa kabisa.

Nje ya Tanzania na Kenya suala hili lina uzito wa pekee. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda likapitisha uamuzi kama huo mwaka 2022. Mwandishi aliyekulia katika Kirundi au Kinyarwanda anaweza kuandika r mahali pa l, na kulipa kukawa kuripa. Hapa Rasa ina msaada: usanidi wake wa kawaida huchunguza pia vipande vya herufi moja hadi nne ndani ya neno, hivyo ipa hubaki pale pale. Msaada huo, hata hivyo, haupimiki iwapo folda ya majaribio imejaa Kiswahili sanifu kilichoandikwa na watu watatu ofisini.

Mkataba wa ununuzi kwa hiyo udai skripti zote pamoja na folda hiyo ya majaribio, nayo iandaliwe na wanaisimu wasiolipwa na mjenzi. Kung'olewa iwemo kwa tahajia zake zote tatu: kwa ritifaa iliyonyooka, kwa iliyopinda, na bila ritifaa.