Riwaya na Hadithi za Katuni: Namna ya Kumchagulia Kijana Kitabu Atakachokimaliza

Wanafunzi wengi wa sekondari hukutana na riwaya kwa mara ya kwanza ikiwa kitabu cha mtihani. Huisoma ili kukariri dhamira na wahusika, na mtihani ukishapita kitabu hurudi kabatini. Matokeo yake ni kijana anayejua kusoma lakini asiyesoma. Ili kumrejesha vitabuni, mzazi au mlezi anapaswa kuanza na kisa ambacho kijana hatakubali kukiacha kabla ya kujua mwisho wake.

Kwa msomaji mchanga, Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, ingali na mvuto. Kiini chake ni fumbo: kwa nini liwali anayesifika kwa wema awachape manyani wawili kila usiku? Lugha yake ni ya kale kidogo, hivyo inafaa kusomwa kwa sauti nyumbani, sura baada ya sura.

Takadini, ya Ben Hanson, inasimulia habari za Sekai, mama anayetoroka kijijini kwake na mtoto aliyezaliwa na ualbino ili kumwokoa asiuawe kwa sababu ya mila. Katika jamii ambayo bado inapambana na imani potofu dhidi ya watu wenye ualbino, kijana anayeisoma humwona Takadini kwanza kama mtoto mwenye jina, mama na marafiki. Nayo Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo inawafuata Zita na Peter, watoto wa Dar es Salaam ambao umaskini unawatoa darasani na kuwapeleka jalalani.

Kwa vijana wakubwa ipo Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Ida Hadjivayanis ndiye aliyeitafsiri kwa Kiswahili. Mhusika mkuu, Yusuf, ana umri wa miaka 12 anapochukuliwa na mfanyabiashara kufidia deni la baba yake.

Wazazi wengine huona katuni kuwa ni kupoteza muda. Hata hivyo, hadithi ya picha humtaka msomaji aunganishe maneno, nyuso na matukio yaliyoachwa kati ya picha moja na nyingine. Jarida la Shujaaz, lililoanza nchini Kenya mwaka 2010, liliwavuta vijana kwa kisa cha Boyie, anayerusha matangazo ya redio kwa siri akiwa chumbani kwake. Kwa kijana anayeogopa kurasa zilizojaa maandishi, katuni ni mlango wa kuingilia.

Kabla ya kununua, mzazi apitie kitabu ili kujiridhisha kuwa kinalingana na umri wa mtoto, kisha amwache asome kurasa chache za mwanzo na aamue mwenyewe. Akimaliza, aulizwe ni nani aliyempenda au kumchukia, badala ya kutahiniwa.

Asiye na uwezo wa kununua anaweza kutumia maktaba za umma zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kwa kazi mpya, wasomaji wanaweza kufuatilia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023.