Je, Sukari Itatoka Pamoja na Mafuta?

Mama mmoja wa Mikese, anayeuza matunda kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam, ametuletea swali ambalo hatukulitegemea katika ukurasa huu. Ana miaka 52. Kisukari anacho kwa mwaka wa tisa sasa, na presha ilifuata baadaye. Binti yake anafanya kazi Muscat, naye ameahidi kumtumia fedha akatolewe mafuta ya tumbo kwa upasuaji. Mama anauliza: mafuta yakishatolewa, sukari nayo si itashuka?

Wapo waliolisikia swali hili wakacheka, wakasema hayo ni mambo ya mastaa. Sisi hatukucheka. Tangu mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imekuwa ikifanya upasuaji wa kurekebisha maumbile, kutoa mafuta kukiwa ni sehemu yake. Barabara ipitayo Mikese ndiyo hiyohiyo iendayo Mloganzila. Basi jambo hili limeshafika kwetu, na yafaa tulizungumze.

Kwanza tueleze kinachofanyika. Daktari hujaza chini ya ngozi maji yenye dawa ya ganzi na adrenalini, ambayo hubana mishipa ili damu isitoke nyingi. Kisha hupitisha bomba jembamba katika tundu dogo na kuyafyonza mafuta kwa mashine.

Sasa, aliyewahi kuchinja mbuzi aliyenona anajua kwamba mafuta yake hayako mahali pamoja. Yapo yaliyo chini ya ngozi, na yapo yanayozunguka utumbo na figo huko ndani. Binadamu naye ni hivyo. Bomba hufyonza yale ya chini ya ngozi tu. Yale ya ndani, pamoja na yaliyojipenyeza kwenye ini, ndiyo yanayochochea zaidi kisukari na maradhi ya moyo, na hayo bomba haliyagusi. (Ndiyo maana baadhi ya wazee wetu wana vitambi vigumu kama ngoma, na ukivifinya ngozi unashika kidogo tu.)

Jambo hili lilipimwa. Mwaka 2004 madaktari wa St. Louis, Marekani, walitoa taarifa ya wanawake 15 wanene, 7 kati yao wakiwa na kisukari. Walifyonzwa mafuta ya tumbo wastani wa kilo 10 hivi kila mmoja. Baada ya wiki 10 hadi 12 walipimwa tena: sukari, presha na mafuta ya kwenye damu vilikuwa palepale. Mama, hilo ndilo jibu la swali lako. Nguo zitakaa vizuri zaidi, lakini vidonge utaendelea kumeza vilevile.

Upande wa pili ni hatari. Mtu mzima wa afya anaweza kufanyiwa upasuaji huu akapona vema, wengi hupona. Mwenye ugonjwa wa siku nyingi yuko mahali pengine. Sukari iliyopanda huchelewesha kidonda kupona na hukaribisha usaha. Presha isiyotulia na moyo uliochoka havipendi nusukaputi, wala adrenalini ile tuliyoitaja. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda anaweza kuvuja damu; na akiziacha kwa shauri lake mwenyewe, damu inaweza kuganda mguuni, bonge likapanda hadi mapafuni. Wenye selimundu, ugonjwa wa figo au wa ini nao wasikubali haraka.

Mwaka 2007 huko Marekani alifariki Donda West, mama mzazi wa mwanamuziki Kanye West, siku moja tu baada ya upasuaji wa matiti na wa kutoa mafuta. Alikuwa na miaka 58. Uchunguzi ulitaja matatizo yaliyofuata upasuaji, pamoja na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Daktari aliyemwona kabla alieleza hadharani kwamba yeye alitaka kwanza apate kibali cha daktari wa magonjwa ya ndani. Na karibu na kwetu, Oktoba 2024, mama mmoja alifariki Nairobi baada ya kutolewa mafuta katika kliniki ya urembo, nayo kliniki ikafungwa na baraza la madaktari la Kenya.

Kuna jambo jingine tunaliona mara kwa mara. Si kila tumbo kubwa ni mafuta. Laweza kuwa uvimbe katika mji wa mimba, maji yanayojaa kwa sababu ya ini, wengu uliovimba, au ngiri ya kitovu iliyojificha chini ya unene. Ngiri ndiyo ya kuogopwa zaidi hapa, kwa sababu utumbo unakuwa umesogea karibu na ngozi, mahali ambapo bomba litapita. Kwa hiyo tumbo lipimwe kwanza, hata kwa mashine ya picha ya ultrasaundi, kabla ya kuzungumza bei.

Tumemshauri mama aanze na kliniki yake ya kisukari, kisha hospitali ya mkoa Morogoro. Aombe kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kipimo cha moyo na cha figo. Abebe vidonge vyote katika mfuko mmoja, na dawa za mitishamba pia asizifiche. Tumemwambia vilevile kwamba uzito ukipungua kwa chakula na mwendo, hata sehemu 5 kwa 100 (kwake yeye mwenye kilo 92 ni kama kilo 4 na nusu), mafuta ya ndani nayo hupungua, na sukari huanza kusikia. Fedha ya binti ingetosha mashine ya kupimia sukari nyumbani na vijiti vyake kwa muda mrefu.

Hata hivyo uamuzi ni wake. Kama madaktari wataridhika naye akaamua kwenda, tunamwomba asipande basi kurudi Mikese siku ileile, kwani kukaa kitini saa nyingi husaidia damu kuganda. Apange pia nani atalala naye siku za kwanza. Mguu mmoja ukivimba, pumzi ikikata, homa ikipanda au tumbo likiuma kwa nguvu, asingoje asubuhi.