Ukigandisha Mumbai, Utarudi Mumbai

Bei ya kwanza kwenye daftari la wifi yangu ni dola 2,400. Ameipigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu. Aliitumiwa kwa WhatsApp na wakala wa kupeleka wagonjwa India, na siku ile tuliiona kama rehema. Kwa shilingi 130 kwa dola ilikuwa 312,000 za Kenya, ilhali kliniki ya Nairobi ilikuwa imewaambia 520,000. Kaka yangu, mumewe, aliweka simu chini akasema, "Mungu ametufungulia mlango." Mwishoni mwa daftari hilo hilo, miezi mitatu baadaye, jumla imeandikwa 1,160,000.

Wifi ameniruhusu niyaandike haya, mradi nisimtaje jina. Wako wengi pwani hii wenye bei kama ile ya mwanzo kwenye simu zao, na wanakaribia kuuza kiwanja.

Dola 2,400 zilikuwa za kupigwa picha za ovari, kutoa mayai, kuyarutubisha maabara na kupandikiza mara moja. Dawa hazimo. Sindano za homoni za kukuza mayai, za siku 11, zilikula dola 1,150. Mbegu za kaka zilikuwa chache, kwa hiyo kila yai lilibidi lidungwe mbegu moja kwa sindano nyembamba, nayo ni 300. Vipimo vya damu tulivyotoka navyo Mombasa vilirudiwa vyote, 250. Kisha, baada ya mayai kutolewa, tumbo la wifi likavimba akawa hawezi hata kufunga leso. Daktari akakataa kupandikiza mwezi ule, na nasema alifanya haki, kwa kuwa ovari zikichokozwa kupita kiasi mimba huongeza hatari. Viinitete vikagandishwa, 400, na kupandikiza mwezi uliofuata kukawa na bei yake, 700. Jumla ya hospitali ikafika dola 5,200, yaani shilingi 676,000. Hakuna hata moja kati ya nyongeza hizo iliyokuwa jambo la ajabu katika tiba hii. Wakala hakuzitaja, nasi hatukuuliza.

Kaka alipata likizo fupi, akatoa mbegu zikagandishwa, akarudi kazini. Mimi nikabaki na mkewe, kwa hiyo tiketi zilikuwa tatu, 210,000. Chumba cha nyumba ya wageni, usiku 46 kwa 3,500, kilimaliza 161,000. Chakula, usafiri na laini za simu, 80,000. Viza na chanjo, 33,000. Mshahara wa wifi uliokatwa hatukuuandika. Aliona uchungu kuuandika.

Kuna usiku mmoja sitausahau. Sindano ya mwisho, ile ya kuyaivisha mayai, hupigwa kama saa 36 kabla ya kutolewa. Ukikosea saa, kazi yote ya wiki mbili inaweza kupotea. Wifi alipangiwa saa 4:30 usiku. Umeme wa jengo ulikuwa umekatika tangu magharibi na dawa ilikuwa kwenye jokofu, kwa hiyo tulishaihamishia kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu. Kaka alipiga simu kutoka Mombasa, kwake ikiwa saa 2 kamili, akahesabu dakika pamoja nasi huku mimi nikimulika kwa simu nyingine. Wifi alijidunga mwenyewe. Mkono haukumtetemeka.

Sasa turudi Nairobi. Katika ile 520,000 dawa zilikuwamo, na kudunga mbegu kulikuwamo. Kama angevimba vile vile, kugandisha kungekuwa 60,000 na kupandikiza baadaye 120,000, jumla 700,000. Treni ya SGR daraja la kawaida ni 1,500 kwenda, na safari sita za watu wawili kwenda na kurudi ni 36,000. Kulala wangelala kwa shangazi. Kwa hiyo nyumbani 736,000, ng'ambo 1,160,000, kwa tiba ile ile. Wala ujuzi si mgeni huku kwetu. Kampala kumezaliwa watoto kwa njia hii tangu 2004, Nairobi tangu 2006. India walitangulia mbali, kwani mtoto wao wa kwanza alizaliwa Kolkata tarehe 3 Oktoba 1978, wiki 10 tu baada ya yule wa kwanza duniani aliyezaliwa Uingereza. Lakini homoni, darubini na matangi ya kugandishia ni teknolojia ile ile, na tofauti kubwa iko kwenye mikono ya wataalamu wa maabara na idadi ya kazi wanazofanya kwa mwaka. Kliniki ya Nairobi nayo iulizwe mambo hayo.

Tena iulizwe kwa ukali, maana hapa ndipo watu hulaghaiwa bila uongo kusemwa. Kliniki inapokuambia "tunafaulu asilimia 65", asilimia 65 ya nini? Ya vipimo vya mkojo vilivyoonyesha mimba, au ya watoto waliobebwa nyumbani? Ya wanawake wa umri gani? Waliotumia mayai ya wafadhili vijana wamechanganywa humo? Uingereza sheria inazilazimisha kliniki kutoa hesabu zao kwa mamlaka ya serikali, na huko, kwa kila kiinitete kinachopandikizwa, mwanamke wa chini ya miaka 35 hupata mtoto takriban mara moja kati ya tatu. Akifika 40 hadi 42 ni kama mara moja kati ya kumi. Basi mtu akikuahidi zaidi ya hapo kwa mayai yako mwenyewe ukiwa na miaka 41, mwombe akuandikie.

Na wanaume waitwe mapema. Nimeona wake wanapimwa mirija, wanapigwa picha, wanaitwa tasa na mama wakwe kwa miaka, na mume hajawahi kutoa mbegu zikaangaliwa hata mara moja. Kipimo hicho ni katika vya bei ndogo kuliko vyote, kinapatikana Mombasa, Dar na Tanga, na hakuna tiketi inayopaswa kununuliwa kabla yake. Kaka yangu alikifanya mwaka wa nne wa ndoa. Miaka minne ile wifi aliibeba peke yake.

Je, ni nani aende? Ningemwambia aende yule mwenye shida ambayo karibu na nyumbani haijapata mtaalamu wa kutosha. Mfano ulio mkubwa kwetu ni selimundu. Mke na mume wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Viinitete vinaweza kupimwa kabla ya kupandikizwa, na kwa familia iliyokwisha kuzika mtoto, sina ulimi wa kuwaambia ni ghali. Hao wajue tu kwamba kipimo hicho hutengenezwa kwanza kwa damu ya wazazi, na mara nyingi ya ndugu, wiki kadhaa kabla ya sindano ya kwanza. Damu itangulie, watu wafuate. Mwingine ni mwanamume asiye na mbegu kabisa kwenye manii, anayehitaji upasuaji wa darubini kuzitafuta ndani ya korodani.

Anayefikiria Uturuki atakuta bei ya hospitali haipishani sana na ya India, ila tiba ni kwa wanandoa tu, wenye cheti, kwa mayai na mbegu zao wenyewe. Wafadhili wamekatazwa kisheria. Kwa Waislamu wa Sunni wengi hilo linaendana na fatwa ya Al-Azhar ya 1980 na huwapa utulivu. Kwa anayehitaji yai la mfadhili mlango umefungwa. India mfadhili anaruhusiwa, lakini tangu sheria ya 2021 mama awe chini ya miaka 50 na baba chini ya 55. Mgeni hawezi kupata mwanamke wa kumbebea mimba tangu 2015. Kuchagua mtoto wa kiume ni kosa la jinai huko, na wakala anayekunong'onezea kwamba "inawezekana" anakupeleka kwa wahalifu. Kliniki inapaswa kuwa imesajiliwa chini ya sheria hiyo ya 2021. Omba namba ya usajili kabla ya kutuma hata shilingi, na muulize wakala analipwa na nani. Wetu alilipwa na hospitali, na hilo tulilijua tukiwa tumeshafika.

Jambo moja dogo linalosahauliwa ni chanjo ya homa ya manjano. Anayetoka Kenya haingii India bila cheti chake, na chanjo iwe na siku 10. Lakini ni chanjo ya virusi hai, haifai kwa mwenye mimba, na hushauriwa kungoja kama mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Ichanjwe mapema, si wiki ya safari.

Sasa lile lililotugharimu zaidi, ambalo hakuna aliyetuandalia. Wifi alipata viinitete vinne. Kimoja kilipandikizwa, na siku ya 14 damu ikasema hapana. Vitatu vimebaki Mumbai, kwenye tangi la nitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri. Tulidhani tungevihamishia Nairobi. Sheria ya India hairuhusu kuvitoa nchini ila kwa matumizi ya wenyewe na kwa kibali cha bodi ya taifa, na gharama ya chombo cha kusafirishia iko juu yako. Kwa hiyo unapochagua hospitali ya kugandisha unachagua pia mji utakaorudi, pengine mara mbili, pengine tatu, na ada ya kuhifadhi ikilipwa kila mwaka. Sheria hiyo inaruhusu miaka 10. Bei ya kulinganisha tangu mwanzo ilikuwa bei ya mara ya pili.

Jumamosi iliyopita tulikaa tena na daftari. Kuanza upya Nairobi ni 520,000, kwa mayai ya mwanamke ambaye sasa ana miaka 36. Vilivyoko Mumbai ni vya mayai ya miaka 35, vimeshapatikana na vimeshalipiwa. Safari hii dawa za kuandaa mji wa mimba ataanzia Mombasa, picha zitapigwa hapa na kutumwa kwa daktari, ili huko alale usiku nane badala ya 46. Kupandikiza 91,000, dawa 20,000, ada ya tangi 20,000, picha 9,000, tiketi mbili 140,000, viza 20,000, chumba 28,000, chakula 15,000. Inafika 343,000, na kaka ameomba likizo yake yote ili aende yeye mwenyewe. Vyeti vya homa ya manjano wanavyo tayari. Siku hizi ni vya maisha.