UNAUZA WAYA ZA TV? MUULIZE MTEJA MASWALI HAYA 4 KABLA HUJATUMA MZIGO

Wadau, waya ni bidhaa ndogo lakini inaweza kukula faida ya wiki nzima. Umetuma mzigo kutoka Darajani mpaka Nungwi, mteja anakwambia "picha haitoki". Nauli ya kwenda na kurudi yako hiyo! Kwa hiyo uliza kwanza:

1. TV yako ina matundu gani?
Apige picha nyuma ya TV na nyuma ya king'amuzi, akutumie WhatsApp. Zile waya tatu (njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti) zinafanya kazi, ila hazipitishi picha ya HD. Kama kote kuna tundu la HDMI, muuzie HDMI. Waya mmoja unabeba picha na sauti.

2. Unaunganisha nini?
King'amuzi cha HD: ulioandikwa "High Speed" unatosha kabisa. Kifaa cha 4K: "Premium High Speed", unaopitisha gigabiti 18 kwa sekunde. "Ultra High Speed" (gigabiti 48) ni wa watu wa PS5 na TV za 8K. Mwenye king'amuzi usimbebeshe huo, akija kujua harudi tena.

3. Umbali gani?
Apime kwa tepu, asikisie. Ukizidi mita 5, waya wa kawaida unaweza kuanza kukatakata, hasa kwenye 4K. Hoteli ya Paje inataka mita 15? Muuzie HDMI ya faiba. Hiyo ina upande wa king'amuzi na upande wa TV. Akigeuza, hapati kitu. Mwambie mapema.

4. Ana spika ya nje?
Kama TV na spika zote zina tundu lililoandikwa "ARC", HDMI hiyo hiyo inapeleka sauti.

NA HII DHAHABU JE?
Usiandike "dhahabu inang'arisha picha". HDMI ni dijitali: mawimbi yakifika sawasawa, picha ni ile ile. Yasipofika, utaona vidoti, inakatika au skrini nyeusi. Kazi ya dhahabu ni kuzuia kutu, na kwa upepo wetu wa chumvi hapa Unguja, hiyo ni sababu tosha ya kuiuza. Sema hivyo hivyo.

Mwisho, jaribu kila waya kabla ya kufunga mzigo.

Wewe huwa unauliza nini? Tuandikie hapo chini 👇