Mtoto Aguse Ndipo Ajue

Katika majumba mengi ya makumbusho, neno la kwanza analokutana nalo mtoto ni "USIGUSE". Leo nazungumzia jumba ambalo asiyegusa hutoka mikono mitupu.

Jumba hilo, Exploratorium, lilifunguliwa mwaka 1969 mjini San Francisco, Marekani. Mwanzilishi wake, Frank Oppenheimer, alikuwa mwanafizikia. Siasa zilipomfungia milango ya vyuo vikuu, alifuga ng'ombe Colorado, kisha akafundisha sekondari. Wanafunzi wake aliwapeleka hata jalalani, wajifunze fizikia kwa vyuma chakavu.

Chukua mfano mmoja. Mtoto anasimama juu ya jukwaa dogo linalozunguka, mikono ameinyoosha. Anasukumwa mara moja. Akiikunja mikono kifuani, kasi inaongezeka ghafla, akiinyoosha, inapungua. Hakuna aliyemsukuma tena. Kasi imetoka wapi? Swali hilo sasa ni lake, si la mwalimu. Anarudia, anajaribu kwa mkono mmoja. Hapo ndipo maelezo yanapoingia: uzito ukisogea karibu na katikati, kitu kinachozunguka huongeza kasi.

Mimi na wenzangu tulikariri kanuni kama hizo ubaoni. Mtihani ulipokwisha, nazo zikatutoka.

Lakini tahadhari: kubonyeza vitufe na kukimbilia chombo kingine si kujifunza. Mtoto hujifunza anapokisia, akajaribu, akaona amekosea, akajaribu tena.

Wala tusidhani haya ni mambo ya Marekani tu. Mwaka 1963 huko Tanganyika, mwanafunzi Erasto Mpemba, akitengeneza aiskrimu shuleni, aliona maziwa aliyoyatia kwenye jokofu yangali moto yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Mpemba hakuacha kuuliza. Mwaka 1969 jarida la fizikia lilichapisha makala aliyoandika pamoja na mwanafizikia Denis Osborne, na hadi leo wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo. Je, ni maswali mangapi kama lile tumeyazima kwa kicheko?

Si kila mji utajenga jumba kama lile la San Francisco. Lakini beseni la maji, gurudumu la baiskeli na sumaku ya spika mbovu havikosekani mitaani. Mzazi mwenzangu, mtoto akikuuliza "kwa nini?", usimfukuze, wala usiwe na haraka ya kumjibu. Mwambie: "Hebu tujaribu, tuone."